Askari waliopotea vitani waandikwe kwa majina yao

Mhariri,

Kila mwezi wa Novemba mashada ya maua huwekwa kwenye makaburi ya askari waliokufa katika vita viwili vya dunia. Naomba nafasi katika gazeti lako niwataje wale wasio na kaburi la kuwekewa shada: askari na wapagazi wa Afrika Mashariki waliotoweka vitani, ambao jamaa zao hawakuletewa mwili, wala barua, wala jina lililochongwa mahali wakaweza kulisoma.

Aliyekufa na kuzikwa huliliwa, matanga yakaanuliwa na mirathi ikagawanywa. Aliyepotea hana siku ya kufa. Mkewe hajui akae eda au aendelee kungoja, ndugu zake hawajui wamwombee kama marehemu au kama msafiri, na shamba lake hubaki mikononi mwa watu wasiothubutu kuligawa. Katika ukoo wetu, jina la babu mmoja aliyechukuliwa kuwa mpagazi katika Vita Kuu ya Kwanza bado hupewa watoto wanaozaliwa, ingawa hakuna anayeweza kusema aliangukia wapi. Kwa hiyo jambo hili kwangu si historia ya vitabuni tu.

Vita hivyo vilipiganwa katika ardhi yetu tangu 1914 hadi Novemba 1918, Wajerumani walipoweka silaha chini huko Abercorn, mji ambao leo unaitwa Mbala, nchini Zambia. Kwa kuwa mbung'o waliwaua wanyama wa mizigo, vyakula na risasi vilibebwa na watu, nao walikufa zaidi kwa kuhara damu, malaria na nimonia kuliko kwa risasi za adui. Makadirio yanayotajwa mara nyingi, kwa upande wa Waingereza peke yake, ni wapagazi wapatao 95,000 waliokufa. Wengi waliachwa kando ya njia walipoangukia. Vita vilipokwisha, ujira wa wengi wao haukuwafikia wenyewe, kwa maelezo kwamba warithi hawakupatikana.

Tunazo sanamu za askari Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa, nami naziheshimu. Maandishi ya ile ya Nairobi yanawataja wapagazi kuwa ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi, maneno ya kweli kabisa. Lakini hakuna jina la mtu hata mmoja juu yake. Mwaka uleule wa 1927 ambapo sanamu ya Dar es Salaam ilizinduliwa, huko Ypres nchini Ubelgiji lilizinduliwa lango la Menin, lenye majina ya askari zaidi ya 54,000 wasiojulikana walipolala. Waliolijenga walikuwa na vita vilevile na kazi ileile ya kukumbuka. Hivyo siwezi kukubali kwamba majina ya watu wetu yaliachwa kwa sababu jambo hilo lilikuwa haliwezekani. Tume ya Jumuiya ya Madola inayosimamia makaburi ya vita ilikiri yenyewe, katika ripoti yake ya Aprili 2021, kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao kutoka Afrika na Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na ikaomba radhi.

Katika vita vya pili mambo yalikwenda kwa namna nyingine. Tarehe 12 Februari 1944, meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kuelekea Colombo, ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldivi, na zaidi ya watu 1,200 wakafa, wengi wao askari wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki. Bahari haikurudisha miili yao, lakini majina yao yamechongwa katika makaburi ya vita ya Nairobi, na mjukuu anaweza kusimama pale akaligusa jina la babu yake.

Hicho ndicho ninachokiomba kwa wale wa vita vya kwanza, wakiwemo askari wa upande wa Wajerumani, kwa kuwa nao walikuwa wana wa nchi hii na mama zao waliwangoja vilevile. Nyaraka za serikali zetu za Kenya, Tanzania, Uganda na Malawi zipekuliwe kwa ajili ya orodha za uandikishaji na za mishahara, na majina yatakayopatikana yatangazwe kwa Kiswahili, katika magazeti na redio, si kwenye tovuti za Kiingereza peke yake, ambazo wazee wetu hawazifikii. Nawe, Mhariri, nakuomba utenge safu ndogo ambamo jamaa wataweza kuleta jina la ndugu yao aliyepotea, kijiji alichotoka na lolote wanalolikumbuka kuhusu kuondoka kwake. Wajukuu waliosimuliwa habari hizi na wazazi wao sasa ni wazee sana, na ningependa kazi hiyo ianze wangali hai.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Msomaji wako wa siku nyingi