Barua kwa mwanangu, baba wa njiti

Mwanangu,

Usisimame tena mlangoni mwa wodi na chupa ya uji ukiuliza hali. Huyo njiti wa gramu 1,300 anakuhitaji ndani, hasa siku hizi mkeo akiwa bado wodi nyingine na mshono wake.

Kifua chako kinapasha joto kama cha mama. Oga, usijipake manukato, vua shati, keti umeegemea nyuma kidogo. Mtoto avae nepi, kofia na soksi tu. Nesi atamweka wima kifuani, miguu imekunjwa kama ya chura, kichwa kimegeukia upande, kidevu kimeinuka kidogo. Kwenye kidevu ndipo wengi wanapokosea: kikiinama, njia ya hewa inajikunja na mtoto anabadilika rangi bila hata kulia. Kanga ibane, ukingo wake wa juu uishie chini ya sikio. Ukishampokea, kaa saa nzima au zaidi, maana kinachomchosha ni kuhamishwa-hamishwa. Mpira wa kulishia hauzuii chochote, ila aushike nesi mnapomhamisha.

Atakayekwambia huku kumbeba mtoto kifuani, kunakoitwa kangaruu, ni tiba ya waliokosa mashine, mwache aseme. Ni kweli ilianza Bogotá, Kolombia, mwaka 1978 kwa uhaba wa mashine za joto. Lakini utafiti uliochapishwa 2021, uliofanywa Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa kwetu Tanzania, kwa watoto wa kilo 1 hadi chini kidogo ya 1.8, ulikuta kwamba kuanza kangaruu mara tu baada ya kuzaliwa, bila kusubiri mtoto atulie, kulipunguza vifo kwa robo. Tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linataka saa 8 hadi 24 kwa siku. Mama mwenye mshono atazimaliza vipi peke yake?

Mkeo akamue maziwa mara 8 kwa siku, usiku ukiwemo. Mwanzoni yatakuwa matone. Yavuteni kwa bomba la sindano, yana thamani hayo. Usimuulize yametoka kiasi gani. Muulize kama amekula. Kuosha vikombe na kuandika saa kwenye chupa iwe kazi yako.

Mashine ya kufuatilia pumzi ikilia, mtazame mtoto kabla ya namba. Njiti husahau kupumua. Mwite nesi mara moja.

Machozi ya mkeo siku hizi ni ya kawaida, lakini yapungue ndani ya wiki 2. Yasipopungua, au akiwa hapati usingizi hata akipewa nafasi, au anakwepa kumgusa mtoto, ombeni dodoso la Edinburgh, la kupima sonona, huzuni nzito inayodumu, baada ya kujifungua: maswali 10 kuhusu siku 7 zilizopita. Alama 13 au zaidi, aonane na daktari. Swali la 10 linahusu kujidhuru. Akikubali hata kidogo, asiachwe peke yake, na daktari amwone siku hiyohiyo. Akiandikiwa dawa asiikatae kwa kuogopea maziwa. Amwambie daktari ananyonyesha. Sertralini, kwa mfano, ambayo ni dawa ya sonona, hupita kwenye maziwa kidogo sana.

Nawe lijaze. Sonona ya wanaume hujificha kwenye hasira, pombe na kazi zisizoisha, na wodini hakuna anayewauliza.

Kanga mbili nimezifua bila sabuni ya harufu. Zitafika na basi la kesho asubuhi.

Mama