Njia ile ya Tana si ya walowezi

Mhariri,

Gazeti lako nalisoma tangu nikiwa darasa la sita, na muda wote huo sijakuandikia hata mstari mmoja. Mara nyingi nimeudhika nikanyamaza. Ile ripoti ya Jumapili iliyopita, ya wageni waliopiga makasia siku tisa kutoka Garissa hadi Kipini "wakifuata njia ya walowezi", imenishinda.

Walowezi gani? Mwandishi wako anawataja Wazungu waliofika Lamu mwaka 1894, wakiitwa Freelanders, waliotaka kuupanda Mto Tana wakaanzishe makazi yao Mlima Kenya. Hilo ni kweli. Alichokiacha ni kwamba msafara wao ulivunjika mwaka huohuo na mlima hawakuufikia. Njia inakuwaje ya mtu aliyeshindwa kuimaliza? Walioujua mto huu kona kwa kona ni Wapokomo, wakishuka kwa kasia na kupanda kwa pondo. Wamisionari wa Neukirchen, kutoka Ujerumani, walipokuja kujenga kwetu Ngao mwaka 1887, waliwakuta wazee wetu wakilima kingo hizohizo. Na ule "mkondo mwembamba wa kupendeza" karibu na mwisho wa safari ni mfereji wa Belezoni, uliochimbwa kwa mikono katika karne ya 19 kuiunganisha Tana na Mto Ozi. Kuna watu walisimama kwenye tope lile na majembe, Mhariri. Mwandishi wako amepita juu ya jasho lao akasifu maua.

Nasema kwa uchungu kwa sababu haya yamenipata. Mwaka 2009 mjomba wangu na mimi tulichukuliwa na kampuni moja ya utalii kuwapeleka wageni wanne kutoka Hola hadi Garsen, mitumbwi miwili. Mtumbwi wa mjomba alikuwa ameuchonga mwenyewe kwa gogo la mwembe. Kila tulipokaribia kona yenye maji ya kina aligonga ubavu wa mtumbwi kwa kasia, ko, ko, ko, akangoja, akagonga tena. Ndivyo tunavyompigia kiboko hodi: akisikia, huzama akakupisha au hutoa kichwa ukajua alipo. Siku ya pili mgeni mmoja, aliyekuwa akirekodi sauti za ndege, akamwambia aache kelele. Kiongozi wa kampuni, aliyekuwa kwenye mtumbwi wangu, akairudia amri ile kwa Kiswahili, kwa ukali, kama anayemwambia mtoto. Mjomba akaacha. Kona ya tatu baada ya hapo maji yalifura chini yao na mtumbwi ukapinduka. Nilimwona mjomba akiibuka, akatazama huku na huku, akamshika yule mgeni ukosi wa shati na kumvuta hadi kwenye matete, mkono mmoja ukipiga maji. Mtumbwi tuliukuta umepasuka kutoka katikati hadi nyuma. Kampuni ikasema italiangalia suala la fidia, na hadi leo hatujaona shilingi. Misimu miwili mjomba alivua kwa mtumbwi wa kuazima. Baadaye nilioneshwa makala ya safari ile: kiboko yumo, ujasiri wa mgeni umo, na mjomba wangu ni "mwenyeji mmoja". Sasa fungua ripoti yako uhesabu. Wageni wametajwa majina, umri na kazi zao. Walioshika makasia, waliojua kisiwa gani cha mchanga kina mamba na kipi kinalalika, ni "wenyeji sita".

Hola nayo imepata sentensi moja, kwamba kulikuwa na joto. Hola ndiko wafungwa 11 waliokuwa kizuizini walikopigwa hadi kufa na walinzi wa serikali ya kikoloni, tarehe 3 Machi 1959. Anayesema anafuata historia angeshuka hapo akavua kofia.

Tena ripoti inausifu mto kwa kuwa "mpole". Upole wake tuulize sisi wa chini. Huko juu kuna mabwawa ya umeme: Kindaruma tangu 1968, Masinga tangu 1981, Kiambere tangu 1988. Mvua zikizidi na mabwawa yakafurika, maji yote hayo huteremkia mashamba yetu, na mara nyingi habari hutufikia baada ya maji. Aprili 2024 boti ilipinduka kati ya Garissa na Madogo, watu wakijaribu kuvuka mafuriko yaliyokuwa yamekata barabara. Wamo waliokufa. Wiki ile hakuna mtalii aliyekuja kupiga kasia. Tangazo la redio kwa Kipokomo, Kiorma na Kiswahili, siku mbili kabla, na kijana mwenye pikipiki kwa kila kata apite na kipaza sauti: je, hilo nalo lina gharama kubwa?

Kwako nina ombi moja. Chapisha majina ya wale sita, kila mmoja na kijiji chake, ukurasa uleule na kwa herufi zilezile ulizotumia kwa wageni. Na kampuni yoyote itakayoshusha watu Tana iandike jina la fundi aliyechonga mtumbwi ubavuni mwake, kwa rangi nyeupe, herufi za urefu wa shibiri moja, ili hata mpiga picha asiweze kulikwepa. Ikiwa majina ya wale sita hayapatikani huko ofisini, niambie. Kutoka Ngao hadi Garissa nina jamaa karibu kila kituo. Nitayakusanya na kukuletea kabla ya Jumapili ijayo.

Msomaji wako,
Ngao, Tana Delta