Mwanao Anajua Hesabu, ila Neno "Kuzidi" Linampiga Chenga

"Mwalimu, huyu hesabu anajua. Ila akikutana na mafumbo tu, basi."

Maneno hayo tumeyasikia kwa wazazi wengi mlangoni mwa tuisheni yetu ya hisabati, mpaka siku hizi mzazi akianza tunammalizia. Na mara nyingi anasema kweli. Mtoto wa darasa la sita anakaa, tunampa 2x + 6 = 24, anaandika x = 9 hata chai yetu haijapoa. Magazijuto, ule mpangilio wa mabano, kugawanya, kuzidisha, kujumlisha na kutoa, anaiimba bila kukosea. Kisha tunampa swali lilelile, safari hii limevaa nguo:

Amina amemzidi Hamisi miaka 6. Jumla ya umri wao ni miaka 24. Hamisi ana miaka mingapi?

Anaandika 6 × 24 = 144, anapiga mstari chini ya jibu, anarudisha daftari. Hamisi amekuwa mzee wa miaka 144, na Amina ni dada yake mkubwa.

Mmoja tulimuuliza kwa nini amezidisha. Akatushangaa. "Si wamesema amemzidi?"

Jibu lile lilitufanya tubadilishe karibu kila kitu katika tuisheni yetu. Mtoto hakuwa mvivu wala hakubahatisha. Alisoma Kiswahili, akakutana na "zidi", akakumbuka "zidisha", akaona ndugu wa damu. Hisabati yetu imejaa maneno ya nyumbani: kutoa, kugawanya, kuzidisha, jumla, mara. Hilo ni jambo jema, kwa sababu mtoto haanzi na maneno mageni. Shida ni kwamba maneno hayohayo yakitoka nje ya daftari yana kazi nyingine. Kumzidi mtu miaka 6 kunahusu tofauti ya umri, hakuna kuzidisha. Baba aliyetoa shilingi 500 kwa kila mtoto, na watoto ni wanne, ukitaka kujua ametoa ngapi unazidisha, ingawa swali limeandika "alitoa" waziwazi. Na bei ya jumla ya Kariakoo haina uhusiano wowote na kujumlisha. Hebu ona hili:

Muuza duka alinunua madaftari kwa bei ya jumla, shilingi 600 kila moja. Akalipa bodaboda shilingi 2,000. Alitumia shilingi 20,000 kwa yote. Alinunua madaftari mangapi?

Wapo wanaoona "jumla" wakajumlisha namba zote walizozikuta: madaftari 22,600. Yote kwenye bodaboda moja.

Tukiri kosa letu hapa. Kwa muda mrefu tulikuwa na karatasi ya manila ukutani, imeandikwa kwa wino mwekundu: jumla ni +, zaidi ni +, baki ni −, kila ni ×. Tuliipenda sana, na wazazi waliipiga picha kwa simu. Ilifanya kazi vizuri kwenye maswali tuliyoyatunga sisi wenyewe, maana tuliyatunga tukiitazama. Swali likitoka kwingine, watoto walianguka. Ile karatasi ilikuwa inawafundisha kuwinda neno moja na kuacha habari nzima. Tuliibandua. Kama mwanao ana orodha ya namna hiyo nyuma ya daftari, sisi tungeifuta leo, ingawa najua wapo walimu wazuri watakaotubishia.

Sasa tunaanza kwa kufunika namba. Mtoto anapewa swali la Amina na Hamisi bila 6 wala 24, kisha anatusimulia: nani mkubwa? Tumeambiwa nini kuhusu wote wawili? Tunatafuta nini? Hakuna cha kujumlisha wala kuzidisha, kwa hiyo analazimika kusikia habari. Wengine hili linawakera kwa siku mbili tatu, hasa wale wenye kasi. Wamezoea kwamba mwenye kalamu inayokimbia ndiye hodari.

Akishasimulia, anachora. Umri wa Hamisi ni kisanduku kimoja. Umri wa Amina ni kisanduku kama hicho pamoja na kipande cha 6. Vikiwekwa pamoja ni visanduku viwili na 6, na vyote vinafika 24. Ukiondoa ile 6 zinabaki 18 kwa visanduku viwili, basi kimoja ni 9. Hamisi ana miaka 9, Amina 15. Kisanduku si kitu kigeni kwake, tangu madarasa ya mwanzo amejaza 5 + □ = 8. Tunachofanya ni kumrudisha kwa rafiki wa zamani, kisha tunamwambia kwamba mtu akichoka kuchora kisanduku anaandika x. Neno "mlinganyo" nalo linaeleweka hapo, maana lina "kulingana" ndani yake: ni mizani ya sokoni, ukiondoa 6 upande huu na usiondoe kule, sahani moja inashuka.

Herufi tunaichelewesha makusudi, kwa sababu ya kosa moja ambalo hata wakubwa hulifanya. Jaribu: kapu lina machungwa mara tatu ya maembe. Liandike kwa c na e.

Wengi huandika 3c = e. Wamefuata mpangilio wa maneno: machungwa, tatu, maembe. Sasa weka maembe 5. Machungwa yatakuwa 15. Je, 3 × 15 ni 5? Haikubali. Sahihi ni c = 3e. Chanzo cha kosa ni kudhani c ni chungwa lenyewe, kama kifupisho. Wakati c ni idadi ya machungwa, namba kamili kabisa, ila hatujaijua. Tofauti hiyo tunaipa wiki nzima. Ikikaa vizuri, mambo mengi ya mbele yanateleza yenyewe, na mtoto akiingia kidato cha kwanza, hisabati ikageuka Kiingereza, anapambana na lugha tu na si na lugha pamoja na wazo.

Huwa tunawaambia watoto kwamba aljebra yenyewe ilianza ikiwa mafumbo. Jina lake limetoka kwenye kitabu cha Al-Khwarizmi, aliyefanya kazi Baghdad katika karne ya 9, na sehemu kubwa ya kitabu hicho inahusu kugawa mirathi. Hakuandika x hata moja. Alieleza kila hatua kwa maneno matupu, hata namba aliziandika kwa maneno, na kile asichokijua alikiita "kitu". Zile x na y zilizoea kutumika baadaye sana, baada ya Mfaransa René Descartes kuzitumia hivyo mwaka 1637. Kwa hiyo mtoto anayesema "mafumbo siyawezi, nipe za x" anadai tawi akalikataa shina.

Nyumbani huna haja ya ubao. Mtume dukani: "Nilikupa 5,000, umerudi na 1,400 na mikate miwili. Mkate mmoja shilingi ngapi?" Akijibu 1,800, muulize amefikaje. Usimwambie "soma tena swali", atalisoma vilevile. Mwambie akusimulie. Na kabla ya kufunga daftari aulizwe kama jibu lake linaweza kutokea mtaani kwetu. Swali hilo peke yake lingemwokoa Hamisi na uzee wake.

Tuko Tabata, Dar es Salaam. Tunapokea watoto wa darasa la nne hadi la saba kila Jumamosi, saa 3 hadi saa 5 asubuhi. Kundi moja halizidi watoto wanane (na hapo pia hakuna kuzidisha). Siku ya kwanza hulipi. Tunamsikiliza mtoto akisimulia maswali matatu, kisha tunakueleza anakwama wapi, hata ukiamua kumfundisha mwenyewe.

Mkiwa mnasubiri Jumamosi, mpeni hili: Bibi ana kuku na mbuzi. Vichwa ni 20, miguu ni 56. Mbuzi ni wangapi? Asikimbilie x. Kwanza awaambie mbuzi wote wasimame kwa miguu ya nyuma, halafu ahesabu miguu iliyobaki chini.