Geji za trekta zitengenezwe kabla ya dereva kutozwa injini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu jambo linalozua ugomvi kila msimu kati ya wenye matrekta na madereva wao huku kwetu Babati, na bila shaka kwingineko ambako matrekta ya zamani bado ndiyo tegemeo. Trekta linachemsha shambani, gasketi ya silinda hedi, yaani kifuniko cha juu cha injini, inaungua au hedi yenyewe inapinda, kisha tajiri anamkata dereva mshahara miezi kadhaa ili kufidia injini, ilhali geji ya joto, yaani kipimo cha kwenye dashibodi kinachoonyesha joto la injini, ilikwisha kufa siku nyingi na tajiri mwenyewe anajua. Ninachosema ni kwamba mwenye trekta ambaye hajatengeneza geji zake hana haki ya kumtoza dereva injini, na kisingizio kwamba geji za matrekta haya hazitengenezeki hakina ukweli.

Mimi mwenyewe ni mwenye trekta, kwa hiyo siandiki kama wakili wa madereva. Matrekta ninayoyasema ni yale yaliyozoeleka vijijini: Massey Ferguson 135, iliyoanza kutoka katika kiwanda cha Coventry, Uingereza, mwishoni mwa mwaka 1964, Ford 5000 ya kipindi hicho hicho, na Massey Ferguson 240, ambayo imeendelea kuundwa Pakistan hata baada ya kiwanda cha Coventry kufungwa, na ndiyo maana spea zake hazijapotea sokoni. Dashibodi zake zina saa kubwa ya mizunguko ya injini na geji chache ndogo, basi. Dereva anayelima huku uso umeelekea nyuma kuangalia jembe hana kitu kingine cha kumwambia kinachoendelea ndani ya injini.

Nianze na geji ya presha ya oili, kwa kuwa ndiyo inayoharibiwa kwa makusudi. Katika Massey 135 geji hii haitumii umeme. Mrija mwembamba unapeleka oili yenyewe kutoka kwenye bloku ya injini hadi nyuma ya dashibodi. Mrija ukipasuka kwa mtikisiko au kwa kusuguana na bati, oili inaruka nje, na asipotokea wa kuiona, injini itakaukiwa. Fundi anayeitwa shambani anaukunja mrija karibu na bloku, anauponda kwa nyundo, oili inakoma kuvuja na kazi inaendelea. Kama ni dharura ya kulifikisha trekta nyumbani, simlaumu. Lakini nimeona mirija iliyopondwa namna hiyo ikiwa imefunikwa na ukoko mweusi wa oili na vumbi la misimu kadhaa, maana yake hakuna aliyerudi kuitengeneza, wakati kufunga mrija mpya ni kazi ya mtu mwenye spana mbili na subira ya kuhakikisha haugusi bati wala ekzosi. Injini ya Perkins ya silinda tatu iliyomo katika trekta hilo, ikiwa imepata moto na iko kwenye mzunguko wa kazi, inatakiwa kuonyesha presha ya paundi 30 hadi 60 kwa inchi mraba. Mshale ukidondoka hadi sifuri dereva ana muda mfupi sana wa kuzima kabla beringi za krenki hazijakwaruzika. Asiye na mshale wa kutazama atasubiri mpaka asikie injini inagonga, na ikishagonga ni ya kushushwa.

Geji ya joto ndiyo yenye maneno mengi. Ya kizamani kabisa haina umeme: kichwa chake kinazama kwenye maji ya injini na kimeunganishwa na geji kwa mrija wa shaba mwembamba kama waya wa redio. Ndani yake kuna kimiminika kinachogeuka mvuke kadiri maji yanavyopata moto, na presha ya mvuke huo ndiyo inayosukuma mshale. Kwa sababu hiyo geji na mrija wake huuzwa pamoja, wala mrija haukatwi ukaungwa. Ukikatika tu, kilichomo kimetoka, na mshale utalala upande wa baridi hata maji yakitokota. Wapo mafundi wa kuijaza upya na kuichomelea, ila kwa mtu wa kijijini ni afadhali anunue nyingine nzima, apime urefu wa mrija wa zamani kabla ya kwenda dukani, na mrija unaozidi auzungushe mduara mpana badala ya kuukunja kona. Kabla ya kufungwa, geji ijaribiwe kwa kutumbukiza kichwa chake kwenye sufuria ya maji yanayochemka. Mshale unatakiwa usimame karibu na nyuzi 100, ingawa katika nyanda za juu kama Njombe, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 93 hivi, na mtu asije akairudisha geji nzima dukani kwa sababu hiyo.

Geji ya umeme ina mambo yake, na hapa ndipo fedha nyingi zinapopotea bure. Inategemea sensa iliyofungwa kwenye injini, ambayo ukinzani wake hupungua kadiri joto linavyopanda. Mshale usiposogea, mafundi wengi hukimbilia kubadilisha geji, kumbe iliyokufa ni sensa, au waya umekatika, au waya wa hasi wa dashibodi umeshika kutu. Kulijua hilo hakuhitaji mashine. Injini ikiwa imezimwa lakini swichi ya umeme imewashwa, waya uchomolewe kwenye sensa na uguswe mara moja kwenye chuma safi cha injini. Mshale ukipanda upande wa moto, geji na waya ni vizima na kinachohitajika ni sensa mpya. Usipopanda, zifuatiliwe fyuzi, nyaya na hasi, na geji iwe ya mwisho kulaumiwa. Sensa mpya nayo isizungushiwe ule utepe mweupe wa mafundi bomba, kwa sababu umeme wake hurudi kwenye bodi kupitia tredi hizo hizo, yaani mistari ya skrubu inayofungiwa, na utepe ukiuzuia geji itasoma baridi wakati rejeta inafoka. Kwenye Ford za enzi hizo kuna kifaa kidogo nyuma ya dashibodi kinachoushusha umeme wa geji kutoka volti 12 hadi 10 hivi. Geji ya joto na ya mafuta zikianza kudanganya kwa pamoja, hicho ndicho cha kutazamwa kwanza.

Wauza spea nao wana sehemu yao katika ugomvi huu. Geji na sensa lazima ziendane. Kwa upande wa mafuta, kwa mfano, sensa za mtindo wa Kimarekani zina ukinzani wa ohmu 240 tangi likiwa tupu na kushuka hadi 33 likijaa, ilhali nyingi za Ulaya huanzia ohmu 10 na kupanda hadi 180, kwa hiyo anayechanganya atasoma tangi limejaa siku ambayo halina kitu. Niliwahi kuuziwa geji ambayo boksi lake halikuwa na maandishi yoyote ya maana, bali picha ya trekta jekundu, na muuzaji akaniapia kwamba inaingia Massey zote. Kuingia iliingia vizuri sana kwenye tundu la dashibodi. Ilichoshindwa ni kusoma. Shirika la Viwango Tanzania lingetusaidia sana kama lingedai volti, ohmu na aina ya tredi viandikwe kwenye boksi.

Watu wakisikia trekta kuchemsha hufikiria kulima, lakini mimi nauogopa zaidi wakati wa kupukuchua mahindi. Trekta linasimama sehemu moja kutwa nzima likiendesha mashine kwa shafti ya nyuma, upepo wa mwendo haupo, makapi yanarushwa hewani na kuvutwa na feni hadi yanaziba uso wa rejeta kama blanketi, na dereva ameshuka kusaidia kushika magunia. Wakati huo ndipo pia saa ya mizunguko inapohitajika, kwa maana ina alama ya mahali ambapo shafti inazunguka mara 540 kwa dakika. Kebo yake ikikatika, dereva anakisia kwa sikio, na akizidisha mahindi yanavunjika. Niongeze kwamba geji ya joto, hata iliyo nzima, inapima maji. Maji yakiisha kabisa kichwa chake kinabaki hewani na mshale unaweza kurudi chini wakati chuma kinaungua, hivyo geji haimwondolei mtu wajibu wa kuangalia maji asubuhi injini ikiwa baridi.

Sasa nirudi kwa matajiri wenzangu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 28, hairuhusu mwajiri kukata mshahara kwa ajili ya hasara ila pale hasara ilipotokana na kosa la mfanyakazi. Tena lazima ampe maelezo ya maandishi ya chanzo na kiasi cha hasara hiyo, ampe nafasi ya kuyapinga, na makato yasizidi robo ya ujira wake. Tajiri ambaye geji zake zimekufa atathibitishaje kwamba dereva aliona hatari akapuuza? Wengi wetu tunawalipa madereva kwa ekari, kwa hiyo kila dakika anayosimama kupoza injini inatoka mfukoni mwake, halafu tunashangaa kwa nini hakusimama. Sikatai kwamba wapo madereva wazembe, tena wengine wanafunika geji kwa kitambaa wasisumbuliwe na mshale. Huyo akikamatwa alipe.

Napendekeza trekta linapokabidhiwa kwa dereva mwanzoni mwa msimu, au kwa mkulima anayelikodi, kuwe na karatasi moja inayotaja kila geji na hali yake: presha ya oili, joto, mafuta, chaji na saa ya mizunguko, pamoja na tarehe na sahihi za pande zote mbili. CAMARTEC, kituo cha zana za kilimo na teknolojia ya vijijini cha Arusha, ambacho kazi zake ni pamoja na kupima zana za kilimo, kinaweza kuandaa mfano wa karatasi hiyo kwa Kiswahili, na vyuo vya ufundi vya VETA vikaongeza somo fupi la geji kwa madereva wa trekta, wajue kile kipimo cha waya na kile cha sufuria. Ilipoandikwa kwamba geji ni mbovu, injini ikifa kwa kuchemsha au kwa kukosa oili, gharama iwe ya mwenye trekta. Na dereva anayekabidhiwa karatasi isiyosema kweli kuhusu dashibodi aliyoiona kwa macho yake asiitie sahihi.

Mwenye trekta,
Babati, Manyara.