Mhariri, gigahezi hazijumlishwi

Mhariri, salaam. Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua maana hii biashara ya desktopu used imeshakuwa vituko. Siku hizi unakuta tangazo limeandikwa "koa 4 x 3.8 = gigahezi 15.2", na mtu mzima anatoa hela! Koa ni kichwa kimoja cha kufanya kazi ndani ya prosesa, yani ubongo wa kompyuta, na gigahezi ni spidi ya kila koa. Daladala nne zenye spidi 80 hazikufikishi Mbagala kwa spidi 320, hata zikiondoka pamoja.

Chukua prosesa mbili ambazo vijana wa gemu wanabishania sana, zote za 2012, AMD FX-4300 na Intel Core i5-3470. FX inaanza na gigahezi 3.8, i5 inaanza na 3.2, sasa ukisoma stika tu utasema FX ndo baba lao. Kumbe zile koa nne za FX zimepangwa mbili mbili, kila mbili zinachangia sehemu moja ya kupokea amri na sehemu moja ya hesabu za desimali, wakati kwenye i5 kila koa ina vyake. Ndo maana i5 kwa kila gigahezi inapiga kazi nyingi zaidi, tena kwa mbali, na inakula umeme kidogo, wati 77 kwa 95. Hii ya kuchangia ilifika hadi mahakamani Marekani kwa ndugu zake FX za koa nane, AMD wakakubali 2019 kulipa dola milioni 12.1 yaishe.

Lakini tuseme haki, FX ilikuwa bei rahisi, ilitoka na dola 122 wakati i5 ilitoka na 184, na FX zote maltiplaya (ile namba ya kuzidisha inayopanga spidi ya prosesa) iko wazi kubadilishwa, Intel wao wanafungua zile zenye herufi K kama 3570K. Kwa anayependa kuchokonoa FX ina raha yake, unaingia baiosi (menyu ya mipangilio kabla Windows haijawaka) unapandisha spidi kidogo kidogo hadi 4.5 na kitu. Ila kwenye gemu linalotegemea koa moja hapo bado i5 ambayo haijaguswa inakuacha.

Sasa joto, hapa ndo wauzaji hawasemi kabisa. Ukipandisha spidi mara nyingi lazima upandishe na volti, na joto linapanda kwa volti mara volti, yani ukitoka 1.2 kwenda 1.4 umeshaongeza joto zaidi ya theluthi hata spidi hujaihesabu. Halafu hiyo mashine iko chumba cha Tandale, Februari, nje tu ni 32, feni ni ile ile ndogo iliyokuja kwenye boksi. Juzi nilifungua moja ya kijana alouziwa "imeovaklokiwa tayari", yani imepandishwa spidi kupita ya kiwandani, hitisinki (chuma cha kutoa joto kwenye prosesa) imeziba vumbi kama blanketi, pesti ya kupitisha joto katikati yake imekauka unaikwangua kwa kucha inadondoka unga. Gemu linaanza vizuri, dakika chache joto likipanda prosesa inajishusha yenyewe, kijana anabaki na spidi chini ya ile ya kiwandani na luku inakimbia.

Ombi langu kwako mhariri, kwenye ukurasa wenu wa teknolojia mkiandika prosesa fulani imefika 4.7, andikeni na feni gani, volti ngapi, joto la chumba, na kazi gani ilipimwa, mfano kubana video ile ile kwa mashine zote mbili na saa mkononi. Bila hivo ni ushabiki wa Simba na Yanga tu.

Na msomaji unayeenda Kariakoo wikiendi hii, ukiambiwa ile Dell OptiPlex 7010 yenye i5-3470 "inaovaklokika", mwambie awashe aingie baiosi mbele yako akuonyeshe pa kubadilisha maltiplaya. Hapaoni, maana hapapo. Hapo anza kubageni upya, bei ya mashine ya ofisini.

Fundi kompyuta, Dar es Salaam