PawSox nao waandikwe

Mhariri,

Kurasa zenu za michezo zikigusa besiboli ya Marekani, basi ni Yankees na Dodgers tu. Sisi wa Pawtucket, mji mdogo wa Rhode Island, tulikuwa na PawSox, timu ya ligi ndogo iliyowapika vijana wa Boston Red Sox, timu ya ligi kuu.

Uwanjani kwetu McCoy ndiko ilikochezwa mechi ndefu kuliko zote za besiboli ya kulipwa: vipindi 33, na kawaida ni 9! Ilianza Aprili 18, 1981 dhidi ya Rochester. Kwa baridi ile, wachezaji walichoma magongo yaliyovunjika wakaota moto. Saa 10 na dakika 7 alfajiri ikasimamishwa, 2-2, jukwaani wamebaki watazamaji 19. Walipoimalizia Juni 23, dakika 18 zilitosha. Pawtucket ikashinda 3-2.

Watoto walikuwa wakiteremsha madumu ya maziwa kwa kamba, ndani mpira na kalamu, ili wachezaji walioketi chini ya jukwaa watie saini. Nimemshikia mwanangu kamba hiyo mpaka mkono ukafa ganzi.

Mazungumzo ya uwanja mpya yakavunjika, timu ikahamia Worcester, jimbo jirani la Massachusetts, mwaka 2021. Wanasiasa na matajiri wa timu walitupiana lawama. Mimi nawalaumu wote.

Msomaji wenu,
Pawtucket, Rhode Island