Barua kwa mwanangu: lile zege la chumba cha chini

Mwanangu Zuhura,

Marahaba, mama. Picha uliyotuma Jumamosi nimeiangalia mpaka mama yako akaninyang'anya simu. Hilo jukwaa la zege kwenye chumba cha chini cha nyumba unayopanga hapo Düsseldorf, kimo chake kama matofali mawili, na pembeni mwake bolti nne zilizokatwa zikaliwa na kutu. Mwenye nyumba amekwambia hapo ilikaa mashine ya kufulia ya marehemu mama yake, nawe unaniuliza: mashine inafungwa kama ng'ombe, ili iende wapi?

Swali limemfikia mwenyewe. Nafungua mashine hizi hapa Ngamiani tangu hujazaliwa, na wewe ndiye wa kwanza nyumbani humu kuniuliza zilikotoka.

Nguo zikilowa hazikai sawasawa ndani ya dramu, ile inayozunguka na nguo. Shuka ikijikunja upande mmoja, dramu ikashika kasi ya kukamua, ule uzito unaivuta mashine nzima huku na huku. Leo pipa la maji linaloibeba dramu linaning'inia kwenye springi, tetemeko linaishia humo humo. Za mwanzo hazikuwa na springi hizo, kwa hiyo dawa ilikuwa kuzifunga sakafuni. Bendix ya Marekani, iliyotoka mwaka 1937, ilifungwa hivyo. Na mashine ya kwanza ya otomatiki kabisa iliyotengenezwa Ujerumani, Constructa, ilipoingia sokoni mwaka 1951 nayo ilidai msingi wake wa zege. Sasa nisikilize: Constructa ilizaliwa hapo hapo Düsseldorf. Ndiyo maana Jumamosi usingizi ulinipaa.

Iliuzwa Mark 2,280, pesa ya Ujerumani Magharibi ya wakati ule. Mwaka ule mfanyakazi wa Ujerumani Magharibi alipata kwa wastani kama Mark 3,600 kwa mwaka mzima. Piga hesabu mwenyewe ni nani aliyeweza kuinunua.

Chumba ulichopigia picha ndicho kilichokuwa chumba cha kufulia, na kwenye nyumba za wapangaji wengi watu walipeana zamu. Nguo zililowekwa usiku. Alfajiri moto ukawashwa chini ya sufuria kubwa iliyojengewa, nguo nyeupe zikachemshwa na sabuni, zikakorogwa kwa mti, zikasuguliwa kwenye ubao wenye mifereji, zikasuuzwa mara mbili tatu, kisha shuka zikanyongwa kwa mikono. Siku imekwisha. Bibi yako alifua shuka za gesti miaka yote niliyokuwa shule, na vidole vyake vilivyopasuka kwa magadi ya sabuni naviona hata sasa. Mtu akiniambia mashine ya kufulia ni starehe ya wenye nazo, huwa nanyamaza, maana nikifungua mdomo nitagombana naye.

Usidhani kabla ya otomatiki hapakuwa na mashine. Zilikuwapo. Hoover walifungua kiwanda Merthyr Tydfil, kule Wales, mwaka 1948, na mashine yao ilisukasuka nguo kwa umeme. Lakini juu yake palikuwa na roli mbili na mpini: kukamua ni wewe na mkono wako. Mashine nzuri, iliingia nyumba nyingi za Uingereza. Ila mama bado amesimama pale. Otomatiki ndiyo iliyomwambia aondoke, na hapo ndipo ninapotaka uiheshimu.

Juzi nilikuwa na taima ya zamani mezani, kile kifaa kinachoiongoza mashine hatua kwa hatua. Ukiifungua unakuta kimota kidogo kinachozungusha mhimili polepole mno, jicho halioni. Kwenye mhimili kuna visahani vilivyopangwa kama sarafu, kila kimoja ukingo wake umechongwa vilima na mabonde, na juu ya kila ukingo kimelala kijiti cha kupitisha umeme. Kijiti kikipanda kilima, valvu ya maji inafunguka. Kikitumbukia bondeni, inafunga. Kisahani cha pili ni cha hita, kingine cha pampu, kingine cha kugeuza dramu kulia na kushoto. Nimekizungusha kwa kidole, taratibu, nikisikiliza: jaza, pasha moto, fua, mwaga, suuza, mwaga, kamua. Kazi ya bibi yako yote, tangu alfajiri hadi jioni, imechongwa kwenye kitu kinachoenea kiganjani.

Hita nayo ina sababu yake. Nyumba nyingi za Ulaya zilikuwa na bomba la maji baridi tu, na watu waliamini nguo nyeupe haijatakata mpaka ichemke. Basi mashine ikabeba jiko lake tumboni.

Sabuni ndiyo iliyoleta taabu. Mashine hujua maji yametosha kwa hewa: kuna mpira mwembamba unaopanda kutoka chini ya pipa, maji yakipanda huisukuma hewa iliyomo, hewa husukuma utando, klik, valvu inafunga. Kwenye dramu inayopindua nguo, sabuni ya kawaida huumuka povu. Nguo zikaelea kwenye povu badala ya kuanguka na kupigana, na pampu ikavuta povu badala ya maji. Unakumbuka shangazi yako alipotia sabuni ya kufulia kwa mkono, povu likatoka mpaka barazani? Mwaka 1957 Henkel, nao ni wa hapo hapo mjini kwako, walitoa Dixan, sabuni ya unga yenye povu dogo iliyotengenezwa kwa ajili ya mashine za dramu.

Sasa nirudi kwenye zege lako. Springi zilipokuja, bolti hazikuhitajika tena, na mashine ikapanda kutoka chumba cha chini hadi jikoni na bafuni. Lakini zege halikuondoka, mwanangu, lilihama. Fungua mfuniko wa mashine unayotumia sasa uchungulie: juu ya pipa, au mbele yake, utaona bonge zito limefungwa kwa bolti. Kwenye nyingi bonge hilo ni zege, limewekwa ili pipa lisirukeruke likikamua. Mimi hulibeba kila wiki na mgongo unalijua.

Muulize mwenye nyumba, kwa adabu, mama yake alikuwa akikaa wapi mashine ikifua; hilo nalitaka kuliko yote. Halafu, akikuruhusu, teremka na rula unipimie kutoka bolti hadi bolti, na unipigie picha tundu la maji machafu sakafuni, kabla hawajalibomoa.

Mama yako anasema ule vizuri, baridi hiyo si ya kuchezea.

Baba yako